Mtamba Harudishwi kwa Posta

Kumsenga, Kibondo
6 Septemba 1997

Mume wangu Niyubahwe,

Barua yako nimeisikia. Adija wa dukani ameisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani amesoma ya mtu mwingine. Umemaliza uhandisi, umevaa joho jeusi ukapigwa picha, picha nimeitundika juu ya kitanda changu, na sasa unasema unataka kwenda kukaa benki! Nakuuliza kama mke mkubwa anavyouliza: huyo mwanamke wa benki anaitwa nani? Mwanamume haachi kazi aliyosomea kwa akili yake mwenyewe. Kama ni mnene, mlete nimwone. Kama ni mwembamba mwache huko huko Dar es Salaam, milima ya huku itamshinda.

Haya, utani umekwisha. Sikiliza.

Baba yako mdogo Leonidasi, anayeendesha gari la maji kambini Nduta, alipita Jumapili. Anasema wazungu wa maji wanamtafuta mhandisi anayejua lugha ya wakimbizi. Nani anaijua kuliko wewe? Mwaka wa sabini na mbili nilivuka mpaka nikikimbia mauaji ya kwetu, wewe ukiwa mgongoni, unanililia sikioni njia nzima. Ungefanya kazi Nduta, ungelala kwangu, ungekula ugali wangu wa muhogo ukanenepa.

Lakini hata hiyo Nduta siyo inayonikosesha raha. Ni ng'ombe.

Umesahau? Siku ulipoondoka kwenda chuo, jirani yetu Mzee Ntirampeba alimleta mtamba wake mwekundu hapa uani, watu wote wakiona. Mke wake alikuwa ameteleza na mtungi kwenye njia ya bondeni akavunjika nyonga, na mpaka leo anatembea kama anayevuka mto. Ntirampeba akasema, "Huyu ni wa Niyubahwe. Akasome uhandisi, aje atupandishie maji." Ukapokea. Ukapiga makofi kama tunavyomshukuru mtu aliyetoa ng'ombe, nilikuona kwa macho yangu haya. Mtamba amekuwa ng'ombe mzima, amezaa, maziwa nakunywa mimi, samadi naitia kwenye migomba.

Ng'ombe huyo alipewa fundi wa maji. Hakupewa mtu wa benki. Nikikutana na Ntirampeba njiani nimwambie nini?

Bibi yako na mke wako,
Esteri

(Hilo doa la buluu ni dole gumba lake. Wino mwekundu ameukataa, anasema yeye si mshitakiwa. Ni mimi Adija.)


Dar es Salaam
21 Septemba 1997

Bibi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Shikamoo nawe Mama Adija unayesoma.

Hakuna mwanamke, si mnene wala mwembamba. Kuna daraja.

Mwaka wa mwisho walitupeleka kujifunza kazi kwenye daraja moja huku Pwani. Nguzo zake zimesimama mtoni imara kabisa, na juu ya nguzo hakuna kitu. Watu wanavuka kwa mtumbwi wakizipita pembeni. Kazi yangu ilikuwa kupima nguzo zile kama zina nyufa. Hazikuwa na ufa hata mmoja. Nikamuuliza mhandisi mkuu, mbona daraja halimaliziki? Akasema fedha zilikwisha. Nikauliza, zilikwishaje, nani alizipanga? Akaniambia, "Kijana, hiyo siyo kazi yetu." Bibi, neno lile limenikaa moyoni mpaka leo. Nilifundishwa miaka yote jinsi ya kuzuia daraja lisianguke. Hakuna aliyenifundisha kwa nini halijengwi.

Sasa kuna benki mpya inachukua vijana waliosoma uhandisi. Wanasema hesabu tunazijua, mambo ya fedha watatufundisha wenyewe. Si kazi ya kukaa dirishani kuwaambia watu warudi kesho. Mtu anakuja na shauri lake, tuseme anataka mkopo wa kununua mashine ya kukamua mawese. Mimi ndiye nitakayeikagua mashine: itadumu? Itakula dizeli kiasi gani? Chikichi zitatoka wapi wakati wa kiangazi? Kisha naandika: apewe, au asipewe. Kazi hii naitaka, Bibi. Naitaka kuliko nilivyowahi kuutaka uhandisi. Naomba ruhusa yako niikubali.

Kuhusu ng'ombe, tafadhali mrudishie Mzee Ntirampeba kwa niaba yangu. Nitatuma hela ya pombe ili asimpokee kavukavu. Mwambie namheshimu sana na kwamba sitasahau wema wake.

Mjukuu wako,
Niyubahwe


Kumsenga
9 Oktoba 1997

Mume wangu,

Ndiyo. Nimesema ndiyo, na Adija ameandika. Nenda benki.

Ulidhani nitalia? Habari ya nguzo nimeielewa. Hapa nyuma ya kanisa kuna mtaro wa bomba ulichimbwa na watu waliokuja na kofia za chuma. Walipima, walichimba, walikula kuku wangu wawili, wakaondoka. Mtaro upo, mbuzi wanavunjikia miguu humo. Kama kuna kazi ya kuuliza fedha za mtaro ule zilipangwa na nani, basi na iwe na mtu, na mtu huyo awe wa kwangu.

Lakini ng'ombe, hapana. Hapo hatuelewani kabisa.

Ng'ombe wa kupewa harudishwi kwa posta. Harudishwi na bibi, wala na baba mdogo, wala na hela ya pombe. Aliyepiga makofi siku ya kupokea ndiye anayekuja kusimama. Anaweka mtungi wa pombe mbele ya aliyempa, majirani wakisikia, anasema kwa mdomo wake: mambo yamebadilika, sababu uliyonipa ng'ombe huyu nimeiacha. Basi mwenye kutoa anachagua mwenyewe. Akitaka anamchukua, akitaka anamwacha. Ukimrudisha kupitia kwa mtu mwingine, huku kwetu unahesabiwa mwizi aliyeogopa. Mimi sikumlea mwizi, na mwoga zaidi sikumlea.

Na usidhani nitamsihi Ntirampeba amwache. Sitamsihi. Hela ya pombe usitume, migomba ninayo.

Esteri

(Mimi Adija naongeza langu. Mwanangu, riba kwetu ni haramu, na mume wangu Mansuri amenuna tangu aliposikia habari ya mikopo. Lakini anakusalimu. Amenuna na anakusalimu.)


Dar es Salaam
26 Oktoba 1997

Mama Adija,

Shikamoo. Utaona juu ya bahasha nimeandika jina lako, si la Bibi. Barua hii ni yako peke yako, nakuomba usimsomee.

Siwezi kuja. Ukweli ni kwamba kazi ya benki niliianza tangu mwezi wa nane. Nilipomwomba Bibi ruhusa nilikuwa nimeshatia saini. Bado niko kwenye majaribio, na kijana wa majaribio akiomba likizo wanamwona mtu wa visingizio, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Nimeona wenzangu wawili wakiondolewa.

Na Mzee Ntirampeba namwogopa. Unajua anavyomtazama mtu bila kusema.

Zungumza na Bibi taratibu. Wewe anakusikiliza.

Niyubahwe


Kibondo
8 Novemba 1997

Mwanangu Niyubahwe,

Nimemsomea.

Usinikasirikie. Mimi ndiye macho ya bibi yako kwenye karatasi. Siku nitakapoanza kumchagulia cha kusikia, hatajua tena kipi nimemfichia, na barua zako zote zitakuwa kelele tu. Nilimsomea neno kwa neno, hata lile la kwamba asisomewe. Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Kisha akasema niandike hivi, nami naandika:

Kumbe ulikuwa unaniomba ruhusa ya kula chakula ulichokwisha kumeza! Mume gani wewe! Nimekukasirikia, na nakupenda, na vyote viwili vimekaa kifuani mwangu vikisukumana. Ungeniambia "Bibi, nimeshaingia," ningekutukana siku moja yakaisha.

Sasa sikia nilivyopanga. Tarehe kumi Desemba nafukia ndizi shimoni ziive. Pombe itakuwa tayari Jumamosi ya tarehe ishirini. Nimeshakwenda kwa Ntirampeba, nimemwambia siku hiyo mjukuu wangu ana neno la kumwambia. Hakuniuliza neno gani. Aliniuliza tu kama nitachuja vizuri safari hii.

Pombe ya ndizi haimngoji mtu, ukiichelewesha inakuwa siki. Usipofika nitaimwaga mbele yao wote, nami nitasema mwenye neno ameogopa. Sitasema unaumwa. Sitasema basi limekwama. Na wewe bosi wako usimwambie una mgonjwa nyumbani, mimi ni mzima. Mwambie una ng'ombe.

(Amemaliza. Alama ya dole ameigandamiza mpaka karatasi ikatoboka, utaona mwenyewe. Adija.)


Kasulu
23 Desemba 1997

Bibi,

Shikamoo. Niko Kasulu, nyumba ya wageni ya Bwana Athuman, nimekwama. Lori lililonichukua kwako lilizama kwenye matope mara mbili, na hapa wanasema reli imekatwa na maji mbele huko, treni haitoki Kigoma. Nilikwenda posta kumpigia bosi simu. Nilipoomba likizo nilimwambia kama ulivyoniagiza, akadhani namtania. Leo nilimweleza vizuri kwamba nilikuja kumrudisha ng'ombe wa watu na sasa barabara imefungwa. Halafu akasema, "Tutazungumza ukifika." Sijui kama kazi bado ninayo.

Tulipoagana hatukusema kitu, kwa hiyo nasema sasa.

Nilikuwa nimejiandaa, Bibi. Asubuhi ya siku ya pombe nilishuka bondeni nikaipima chemchemi, ndiyo maana ulinikuta na matope magotini. Iko chini mno. Maji yale hayapandi mlima bila pampu, na pampu haikai siku tatu bila watu kuchanga dizeli na kumlipa mtu wa kuitunza. Nilitaka kuyasema hayo yote, na ni ya kweli. Lakini watu walipokwisha kushika mirija yao ya pombe, nikamwona mke wa Mzee amekaa mkekani na mguu wake ameunyoosha mbele, na maneno yangu yote yakageuka kisingizio mdomoni. Ndiyo maana niliishia katikati.

Naye akaniuliza swali moja tu. "Kwa hiyo maji hayaji?"

Nikasema, "Kwa mkono wangu hayaji, Mzee."

Uliona alivyomaliza kunywa kwanza. Uliona alivyoinuka, akamfungua ng'ombe kamba polepole, ndama akafuata. Nitakwambia ukweli: nilikuwa na hakika atamwacha. Njia nzima kutoka Dar nilikuwa najiambia, nikisimama vizuri, nikisema vizuri, mzee atapunga mkono na kusema kaa naye, mwanangu. Hakupunga. Alipopita mbele yangu alisema "Umekuja," basi, akaenda na wanyama wake.

Wewe hukumtazama ng'ombe kabisa. Ulikuwa unanitazama mimi, na sikuweza kujua unawaza nini. Sasa utakunywa nini asubuhi? Migomba utaitilia nini? Mimi nimekwenda zangu, na anayelipa ni wewe. Nitakutumia kitu kila mwezi.

Niambie kweli kama umejuta.

Niyubahwe


Kumsenga
17 Januari 1998

Mume wangu Niyubahwe,

Sijajuta. Adija, andika tena: sijajuta.

Magoti yako yalikuwa yanatetemeka, ndiyo niliyokuwa nayatazama. Nilikuwa najisemea, yakikunjika haya nitakwenda kumshikilia, na nikimshikilia tumeharibu. Hayakukunjika. Na sauti ilitoka. Ulitaka nini zaidi? Ulitaka mzee akuache na ng'ombe wake, halafu akupe na sifa juu yake? Yule alitoa chake kwa sababu, sababu imekufa, amechukua chake. Sasa akipita hapa ananisalimu, "Mwakeye, Esteri!" kama siku zote, na jina lako analitaja bila kutema mate. Kuna watu kwenye kilima hiki ambao majina yao hayatajwi hivyo. Hicho ndicho nilichokichujia pombe.

Barua yako ya pili, ile fupi, nayo imefika. Bosi amekata mshahara wa siku ulizokosa na kazi amekuachia. Vizuri. Naye amechukua chake.

Maji bado yako bondeni. Leonidasi anasema wale wa Nduta wamempata mhandisi mwingine, kijana wa Munanila. Nitamwendea. Uliyoyasema kuhusu pampu na dizeli nimeyashika, nitamwambia, na hawa wa huku nimeshaanza kuwauliza nani atachanga. Wanne wamekubali, mmoja amenifukuza kwake na ufagio. Nitarudi kwake.

Sasa nikwambie jambo langu. Kwa ng'ombe siwezi kukaa bila, migomba itanicheka. Baada ya mwaka mpya nilikwenda kwa Ntirampeba. Nikamwambia, "Sitaki zawadi. Nipe ng'ombe nikutunzie. Nitamlisha, maziwa na samadi vyangu, ndama wawili wa kwanza wako, wa tatu wangu." Akasema atakuja kuona. Akaja. Hakukaa. Alizunguka zizi lote, akaingiza kidole kwenye paa, akachota udongo wa chini akauminya. Akauliza, "Mgongo ukikuuma, nani atakukatia majani?" Akauliza, "Mwaka huu mvua imezidi, mwakani ikikosekana utamnywesha wapi?" Mimi, Esteri, nikaulizwa maswali kama bibi harusi!

Kisha akasema, "Zizi linavuja. Sikupi." Akasema hapo hapo, uso kwa uso. Nilimtukana moyoni, na matusi mengine yakanitoka mdomoni.

Nikamwambia, "Mjukuu wangu huko Dar es Salaam ndiyo kazi yake hiyo, kuwauliza watu maswali ya kuudhi kisha kuwanyima."

Akageuka. "Na analipwa?"

"Analipwa."

"Kumbe," akasema. Akaenda zake.

Basi nimeezeka upya. Nyasi nimekata mwenyewe. Adija alishika ngazi akiwa na buibui lake, akanililia mvua nzima kwamba kwao pwani wanawake hawapandi mapaa. (Siyo kweli, sikulia. Adija.) Nimepatana na Isihaka wa mashine ya kusaga, atanikatia majani mara mgongo ukikataa, nami nitampa ndizi. Chini nimemwaga changarawe. Kwa kweli lile paa la zamani lilikuwa linavuja, mtamba wa watu alikuwa analowa na mimi nasema ni mvua tu.

Ntirampeba anakuja kutazama tena Jumamosi. Akinipa, Adija atakuandikia. Akininyima, nitamuuliza ni wapi pabovu, nitapanda tena paani, nitamwita tena.

Na wewe hizo hela usinitumie kwa kujiona una deni nami, huna. Nguo zako za kazi zifue, kula, na huyo mwanamke atakapopatikana nataka kusikia mapema, kabla hujameza. Barua ndefu acha kwanza. Nenda kazini.

Esteri